Nyanya za kienyeji zina nafasi yake bustanini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka wiki iliyopita kwenye ukurasa wa kilimo. Mwandishi aliwashauri wenye bustani za nyumbani wanunue mbegu chotara za nyanya, yaani zile za kuchanganya aina mbili, kila msimu, akasema kukamua mbegu mwenyewe ni kupoteza muda. Kwa mkulima wa Ngarenanyuki anayejaza matenga ya kupeleka Dar es Salaam, sina ubishi: chotara huzaa sana, na ganda lake gumu huvumilia safari. Lakini nyanya zangu zinatoka uani zinaingia jikoni. Ganda gumu la nini?

Mbegu ninazopanda nilipewa na marehemu mama mkwe wangu, kule Akheri. Ni zile nyanya bapa, zenye mikunjo upande wa kikonyo, ganda jembamba, zikiiva sana zinapasuka zenyewe. Mchuuzi hazitaki. Ila zikishakutana na kitunguu kwenye sufuria zinayeyuka mara moja, mchuzi unakuwa mzito na una uchachu wake, hata ndimu huikumbuki.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wameacha kutunza mbegu kwa sababu walikamua za chotara, wakapanda, wakapata miche isiyofanana: huu mrefu, ule umedumaa, matunda kila moja na sura yake. Chotara ndivyo ilivyo. Isiyo chotara ni habari nyingine. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo msimu ujao unapata nyanya ileile. Na si za kienyeji peke yake. Aina za Marglobe na Cal J si chotara, wala Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997 na watafiti wetu wa kituo cha utafiti wa kilimo hapa Tengeru.

Kazi yenyewe ni ndogo. Angalia mche mzima, usidanganywe na tunda moja kubwa. Mimi hufunga kipande cha kanga kuukuu kwenye mche ambao ukungu haukuupata na umezaa mfululizo, ili watoto wasiuchume. Tunda likiiva hadi kulegea, nakamua mbegu pamoja na maji yake kwenye bilauri, naacha siku 2 au 3. Itatoa harufu na utando mweupe juu. Usimwage! Huko kuchacha ndiko kunakoondoa ule ute unaozuia mbegu kuota. Kisha ongeza maji ukoroge: mbegu nzima zinazama, mapepe yanaelea. Zioshe kwenye chujio la chai, uzianike kivulini juu ya sahani. Kwenye karatasi zitagandia. Mama mkwe alizichanganya na majivu makavu, akazifunga kwenye chupa. Zikikauka vizuri na kukaa pasipo unyevu, miaka 4 bado zinaota.

Najua kuna atakayeniuliza habari za kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Mdudu huyo hachagui. Ameshambulia chotara za majirani zangu kama alivyoshambulia za kwangu, na wote tunahangaika naye vilevile.

Ombi langu ni hili. Wenye maduka ya pembejeo, mteja akiuliza mbegu ya nyanya, mwambieni kwanza kama ni chotara au siyo, naye achague. Mmoja alinijibu kwamba zisizo chotara zimepitwa na wakati, kana kwamba nimeulizia redio ya mkulima. Nanyi wahariri, waiteni watafiti wa Tengeru waandike kwenye ukurasa huohuo aina zipi mtu anaweza kutunza mbegu zake. Masika yanaelekea mwisho, na mche hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4 kabla ya kuhamishwa. Makala hiyo ikitoka mwezi huu, msomaji atawahi kusia mbegu na kuhamisha miche mvua ikiwa imepungua, ukungu nao ukiwa umepoa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Usa River, Arusha