Haki za binadamu hazikuandikwa na kambi moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wahafidhina na waliberali katika historia ya haki za binadamu imewapanga watu mistari miwili: huku waliozidai haki, kule waliozizuia. Mwandishi angetuambia ni haki ipi, mwaka gani, na nani alipiga kura ipi, mistari hiyo ingevurugika mapema.

Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48. Hakuna nchi iliyopinga, ila 8 zilijizuia. Sita kati ya hizo zilikuwa za Kikomunisti, Urusi ya Kisovieti ikiwa mbele. Zilizobaki ni Afrika Kusini ya makaburu na Saudi Arabia, ambayo haikuridhia haki ya kubadili dini iliyomo katika ibara ya 18. Pakistani, nayo nchi ya Kiislamu, iliitetea ibara hiyo hiyo.

Ibara ya 16 inafundisha zaidi. Fungu la kwanza linawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Hapo waliberali walipata walichotaka. Fungu la tatu linaitaja familia kuwa kiini cha asili na cha msingi cha jamii. Hilo lilisukumwa na Charles Malik wa Lebanoni, mmoja wa walioandika Tamko hilo, aliyetaka pia iandikwe kwamba familia imepewa haki zake na Muumba. Wenzake walikubali maneno ya mwanzo, ya Muumba wakayakata. Na katika ibara ya 1, Hansa Mehta, mjumbe wa India, ndiye aliyelikataa neno la Kiingereza "men", linalobeba "mtu" na "mwanamume" kwa pamoja. (Sisi tunaosoma "watu wote wamezaliwa huru" hata hatuoni ugomvi ulikuwa wapi.)

Nako Ufaransa, wabunge waliwakubalia wanawake kupiga kura mwaka 1919, Seneti ikakataa mwaka 1922. Miongoni mwa waliozuia walikuwa wanasiasa wa mrengo wa kushoto, wakihofia kwamba mwanamke atapiga kura anavyoelekezwa na padri. Wanawake wakasubiri hadi 1944.

Marekani ni pabaya zaidi. Mwaka 1927 Mahakama Kuu iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi kwa lazima mwanamke aliyedaiwa kuwa na upungufu wa akili. Majaji 8 waliafiki, akiwemo Louis Brandeis, kipenzi cha wanamageuzi. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, Pierce Butler, Mkatoliki na mhafidhina wa kweli kweli.

Hayo hayawatakasi wahafidhina. David Maxwell Fyfe, wa chama cha Conservative cha Uingereza, aliongoza kamati ya sheria iliyoandaa rasimu ya awali ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, uliotiwa saini Roma mwaka 1950. Ibara yake ya 8 inalinda maisha ya faragha. Mwaka 1965, akiwa sasa Lord Kilmuir, alipinga vikali mapenzi ya wanaume kwa wanaume kuondolewa katika makosa ya jinai. Mwaka 1981, katika kesi ya Dudgeon, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, ikaitumia ibara hiyo hiyo ya 8 dhidi ya Uingereza, kwa sababu sheria ya namna hiyo ilikuwa bado inatumika Ireland ya Kaskazini.

Msomaji wenu