Barua kwa Rehema: lile daftari la kikoba

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima, wanangu wazima, kazi inakwenda. Salamu nazikatia hapo, maana nikizirefusha ujasiri utanikimbia na hii barua itabaki mezani kama zilizotangulia.

Najua umeshasikia. Mama Chausiku hajawahi kulala na habari kifuani, kwa hiyo sina haja ya kukuzungushia: mimi na mume wangu, Baba Imani, tuko mahakamani, tunaachana. Ndiyo, tumefika huko. Ulipoacha kupokea simu nilijiambia ni mtandao, kisha nikajiambia una wageni, kisha nikaacha kujiambia. Sikulaumu. Shemeji na Baba Imani wametoka mbali, na pengine mmekubaliana hapo nyumbani kwamba ya watu msiyaingilie. Ningekuwa wewe labda nami ningejikalia kimya. Ila nina shida na wewe, na ni shida ambayo hakuna mwingine wa kuitatua, la sivyo ningekuacha upumzike.

Shida yangu ni daftari la kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Lile kubwa la jalada gumu, ulilokuwa unaandika wewe ukiwa mweka hazina, ambalo Mama Chausiku alikuwa analiita msahafu kwa jinsi ulivyokuwa hutaki mtu aliguse. Unalo bado? Kabla hujafikiria lolote lingine, nenda kaangalie kama lipo.

Nikueleze kwa nini. Nilipopata majibu ya Baba Imani kwa madai yangu niliyasoma nimesimama. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama hapa Tanzania, kwa hiyo kila neno liliniingia bila mkalimani. Mengine nilicheka. Eti nina kiburi, eti sisalimii ndugu zake. Sawa. Ila kuna mstari mmoja unasema mdai hakuchangia chochote katika ujenzi wa nyumba, kwa kuwa alikuwa mama wa nyumbani tu. Chochote, Rehema. Wewe ulikuwepo siku ya kugawana fedha za kikoba mwaka ule wa kupaua. Ulinihesabia fedha mwenyewe, ukatoka na mimi kwenda kununua bati, ukabishana na muuzaji kuhusu geji mpaka akakuuliza kama wewe ndiye fundi. Na fedha za msingi, si nilikopa kwenye kikoba kwa jina langu, nikalipa na riba? Yote uliyaandika wewe, kwa kalamu yako, na sahihi yangu pembeni.

Hata kama nisingetoa senti, sheria haisemi hivyo anavyosema. Sasa nimekuwa mwanasheria wa kujifundisha, utanivumilia. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, na kifungu cha 114 ndicho kinachohusu mgawanyo wa mali zilizochumwa kwa pamoja. Mahakama inatazama mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Inatazama madeni mliyoyaingia kwa faida ya wote, inatazama mahitaji ya watoto wadogo, na hata mila za jamii yenu. Baada ya hayo yote inatakiwa ielekee kwenye usawa. Kuelekea, si lazima kufika, ndivyo alivyonifafanulia yule dada msaidizi wa kisheria. Watu mtaani wanasema nusu kwa nusu kana kwamba ni hesabu ya shule. Hakuna kitu kama hicho.

Na hiyo kazi, kazi za nyumbani zimo. Hilo lilishaamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kabla ya hapo majaji walikuwa hawaelewani, wengine wakisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, haulipwi. Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango. Niliposikia nikataka kupiga vigelegele palepale ofisini kwa watu. Yule dada akanituliza: Bi Hawa mwenyewe hoja aliishinda, mali akaikosa, kwa sababu mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuanzishia mradi wa familia na yeye akazitapanya. Fikiria, mwanamke jina lake linatajwa mahakamani miaka yote hii, kila mke anamtegemea yeye, na yeye aliondoka mikono mitupu.

Basi ndiyo maana ninalitaka daftari. Kazi ya nyumbani inahesabika, lakini kiasi gani, hapo ni ushahidi. Mahakama ya Rufani imelirudia hilo katika kesi nyingine: anayedai alichangia aonyeshe alichangia nini. Risiti za bati zipo, lakini zimeandikwa jina lake, maana nani anaandikisha risiti jina la mke? Hati ya kiwanja ina jina lake. Mkataba wa fundi una jina lake. Jina langu liko sehemu moja tu, kwenye daftari lako.

Kuhusu kufika huku tulikofika nisikuchoshe, mengine uliyaona kwa macho yako. Ila usiamini maneno kwamba nilikurupuka. Huwezi kukurupuka hata ukitaka. Lazima uanze na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na lisipoandika kwamba limeshindwa kuwapatanisha, mahakama haikupokei, isipokuwa katika hali chache, kama vile mwenzako amekutoroka na hajulikani aliko, au ameitwa barazani akakataa kuja kwa makusudi. Sisi tulienda wote. Mbele yetu mwenyekiti na wajumbe, na mmoja wao alikuwa na swali lake moja tu, eti je, ninamwamkia mume wangu asubuhi? Aliliuliza kila tulipokaa. Mwishoni hata Baba Imani alimwambia, mzee, kuamkiwa naamkiwa. Tulicheka wote wawili, Rehema. Nadhani ndicho kicheko chetu cha mwisho cha pamoja, na kilitokea barazani.

Wakatupa fomu namba tatu, ndiyo hiyo hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana. Kama kuna mtu unamjua yuko njia hii, mwambie ile hati haikai milele: ukifungua shauri iwe haijapita miezi sita tangu itolewe, la sivyo unarudi barazani kujibu maswali ya kuamkia. Na mahakamani huulizwi tu nani mbaya. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili, uzinzi, kutelekezwa, hayo ni ushahidi wa kuvunjika huko. Mimi nimeandika machache. Yule mwanamke sikumtaja jina. Wifi yangu alinishangaa, lakini watoto wangu watakuja kusoma hayo makaratasi siku moja.

Maandalizi mengine niliyafanya kimya kimya. Nilitoa nakala za kila karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja, mikataba ya mikopo, nikazihifadhi nje ya nyumba. Nilifungua akaunti yangu. Namba za siri za simu nikabadilisha, na mambo ya kuweka mafumbo kwenye status nikaacha kabisa, maana kila fumbo lingekuja kusomwa mbele ya hakimu na mtu asiyejua utani. Halafu nikasikia Baba Imani ana mpango wa kuiweka nyumba rehani. Hapo ndipo nilipojua kifungu cha 59 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa: nyumba ya familia haiuzwi, haiwekwi rehani wala haigawiwi kama zawadi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mmoja. Nikaenda kwa Msajili wa Hati kuweka zuio. Baba Imani alipojua alinipigia simu akaniuliza nani ananifundisha. Nikamwambia mama wa nyumbani ana muda mwingi wa kusoma.

Kwa watoto tulifanya jambo moja la maana, na hili nampa haki yake: tuliwaambia pamoja. Tulikaa nao sebuleni, tukasema baba na mama hawataishi tena nyumba moja, ninyi hamjafanya kosa, na hakuna atakayewauliza mnampenda nani zaidi. Imani hakusema neno. Baraka akauliza kama mpira utakuwa unakaa kwa nani. Baraka hajafika miaka saba, na sheria inaanza na dhana kwamba mtoto wa umri huo ni vizuri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Imani ameshakua, maoni yake yanaweza kusikilizwa. Hilo linanikosesha usingizi kuliko nyumba. Si kwamba nahofia atasema nini. Nahofia huo mzigo wa kuulizwa. Baba yake matunzo hayakwepi, watoto wakae kwa nani, na katika hilo sijamsikia akibisha. Nyumba tu ndiyo inayomtoa povu.

Nirudi kwenye daftari. Daftari peke yake halitoshi. Yule dada anasema lazima aliyeliandika aje aseme ni mwandiko wake na alikuwa anaandikaje. Maana yake ni wewe. Nimelizunguka hili tangu juu, sasa nimelisema: naomba uje kuwa shahidi wangu.

Najua ninachokuomba. Kwa hiyo nikueleze kisichotakiwa. Hutakiwi kusema Baba Imani ni mtu mbaya. Hutakiwi kuzungumzia yule mwanamke, wala kelele za usiku, wala siku ile nilipokuja kwako na begi. Ya kusimuliwa hayatakiwi, ni ya kuonwa na kusikiwa mwenyewe tu: nilikuwa mwanachama, niliweka hisa, nilikopa kwa ajili ya msingi nikalipa, nilipata mgao wangu, tulikwenda pamoja kununua bati. Basi. Utakaa nje hadi uitwe, maana mashahidi hawasikilizani. Utaapa kwa dini yako, utasema, halafu upande wake utakuhoji. Hayo wanaita maswali ya dodoso, na wakili wake ni kijana mwenye sauti ya upole, hao ndio wa kuwaogopa. Akikuuliza kitu usichokumbuka, sema hukumbuki. Mimi siwezi kukufundisha cha kusema na wala sitaki. Ukiona kwenye daftari kuna mwezi sikulipa, na upo, najua upo, nao useme.

Linalonitesa ni shemeji. Sitaki kesi yangu izae kesi nyingine nyumbani kwako. Nimewaza kumwandikia mwenyewe nimwambie simwombei rafiki yake mabaya, naomba kilichoandikwa kisomwe. Nikaona nitakuwa nimekupita wewe. Nikaacha. Halafu nikawaza labda unamficha hata kwamba napiga simu. Sijui. Wewe ndiye unayejua mlango upi unafunguka huko.

Na ukikataa, kataa kwa maneno. Andika tu, shoga, siwezi. Nitaomba mahakama ikuite kwa hati ya wito? Yule dada amenishauri hivyo. Nikamwambia huyo hatuitani kwa wito. Labda nitabadilika nikibanwa, sikuahidi, ila leo ndivyo ninavyoona.

Haya, nijibu. Daftari lipo, au lilibaki kwa Mama Chausiku kikoba kilipovunjwa? Kama lipo kwake, utanichukulia wewe, maana mimi nikienda habari itamfikia Baba Imani kabla sijavuka barabara? Kurasa za mwaka wa kupaua hazijaliwa na mchwa? Ile sahihi yangu ya mgao niliweka au niliweka dole gumba kwa ule ujinga wetu wa siku ile? Shemeji anajua chochote, na unataka nimweleze mimi au utamweleza wewe? Shauri limepangiwa kusikilizwa mwezi ujao, tarehe nitakutumia, utapata ruhusa kazini ya siku moja? Nauli ni juu yangu, usianze ubishi. Na wewe mwenyewe, Rehema, uko salama hapo nyumbani, au ukimya huu una jambo lako lingine ambalo hujaniambia?

Ni mimi,
Mama Imani