Kabla ya kikao cha Jumamosi: R na vifurushi vyake

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunaanza saa tatu kamili asubuhi. Naomba kila mtu aje akiwa ameshapakua R, lugha ya programu ya kuchambua takwimu. Ni bure na msimbo wake uko wazi. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, na toleo 1.0.0 likatoka Februari 2000.

Linalowakwamisha wengi ni hili: install.packages("dplyr") inaleta kifurushi (mkusanyiko wa amri za ziada; dplyr ni cha kupanga data) kutoka CRAN, hifadhi ya mtandaoni ya vifurushi vya R, na mara moja inatosha. library(dplyr) ndiyo inayokiamsha, na hiyo unaiandika kila ukifungua R upya.

Halafu angalieni toleo lenu, tafadhali sana. Kabla ya 4.0.0 ya mwaka 2020, read.csv(), amri ya kusoma faili la data, iligeuza maneno kuwa fakta (makundi ambayo R huyapa namba za mpangilio kwa ndani) bila kuuliza. Mimi hilo lilinila siku nzima. Safu ya umri ilikuwa na neno "hakuna" mahali pamoja tu, basi safu yote ikawa fakta. Nikaipitisha kwenye as.numeric() ili iwe namba, nikapata namba za mpangilio, 1, 2, 3, badala ya umri wa watu! Wastani ukatoka vizuri tu, hakuna onyo hata moja kwenye skrini. Dawa yake ni as.numeric(as.character(umri)); hapo "hakuna" inakuwa NA, yaani thamani haipo, na R inakuonya.

Mkiomba msaada humu, bandikeni matokeo ya sessionInfo(), amri inayoonyesha toleo la R na vifurushi vyenu, kwa maandishi, picha ya skrini hatuwezi kuinakili. Aliyekwama kupakua aniandikie leo, nitakaa naye mpaka ifunguke.