Mhariri, acheni kutuandikia "nusu kwa nusu"

Mhariri, nimeanza kusoma gazeti lenu nikiwa darasa la saba, nilikuwa namsomea babu kwa sauti kila jioni, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kuvumilia. Ile habari yenu ya wiki iliyopita ya talaka mmeiandika tena kama vile ni sheria ya nchi kwamba mwanamke akiachika tu anahesabiwa nusu ya mali.

Sio hivyo jamani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mahakama iangalie kila mmoja alichangia nini kwenye mali mliyochuma pamoja, iwe hela, mali au kazi, iangalie mila za jamii yenu, madeni, mahitaji ya watoto wadogo, na baada ya hayo yote ndo ielekee kwenye usawa. Kuelekea tu. Na kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 mnaitaja sana, kwamba Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango, sawa, ni kweli na mimi naishukuru hukumu ile, lakini mbona hamuandiki kwamba yeye mwenyewe hakupewa kitu kwenye nyumba aliyokuwa anadai fungu lake, kwa sababu mume alishampa hela za mradi na mahakama ikaona alizitapanya?

Sasa nawaambia yaliyotupata. Mdogo wangu aliitwa baraza la kata na mumewe kusuluhishwa, wazee wa upande wa mume wakasema bwana yaishe, achukue ile nyumba ndogo ya uani, chumba na sebule, cherehani yake na ekari moja ya shamba. Mimi nilikuwepo, nimekaa pembeni yake. Akafungua pochi akatoa kipande cha gazeti lenu kimekunjwa mara nne, akakilaza mezani, akasema gazeti limeandika nusu na mimi nataka nusu. Shemeji mmoja akafunga daftari, wakainuka. Kufika mahakamani hakimu anauliza mashahidi wako wako wapi, risiti ziko wapi, nani alikuona unajenga, na yule mtoto wa watu ndo alibeba maji ya kufyatulia matofali kichwani akiwa na mimba ya miezi saba lakini hata fundi hakumuita aje aseme, kwa sababu aliamini nusu ni yake tayari, si mmeandika nyie! Akatoka na vyombo, kitanda na hela kidogo, na alipokuja kushtuka muda wa rufaa ulishapita.

Halafu wale vishoka wanaokaa nje ya mahakama na mashine zao za fotokopi, wanabandika kurasa zenu ukutani, mtu anatozwa hela aandikiwe madai ya "nusu yake" na mtu ambaye hata sheria yenyewe hajaifungua. Na nyie kesi mnaiandika siku ya kwanza na picha kubwa, hukumu ikitoka hatuioni. Hilo nalo linaniuma.

Naomba chini ya kila habari ya kesi muweke kiboksi: ni mahakama gani, kifungu gani, ushahidi gani ulimpa huyo mtu ushindi, na ana siku ngapi za kukata rufaa. Na yule mwandishi wenu akakae benchi la nyuma kwenye Mahakama ya Mwanzo yoyote, Jumatatu mpaka Ijumaa, simu imezimwa, asikilize mashauri ya ndoa mwanzo mwisho. Ile habari ya wiki iliyopita isahihisheni ukurasa uleule wa mbele, kwa herufi zilezile kubwa.

Mdogo wangu yuko kwa mama sasa, chumba kimoja na watoto watatu. Cherehani ilibaki kule.

Dada yake, Morogoro