Barua kwa mwanangu aliyeko Bhuj

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako tumeupata, na mama yako nikamsomea. Tumefurahi kwamba umefika salama na chuo umekipenda. Lakini unasema ukitoka nje ya mji wa Bhuj huoni kitu ila vumbi, miiba na chumvi, na unauliza watu wa huko wanaishije. Mimi nimeuziana vitambaa na watu wa Kachchh, wilaya ya magharibi mwa India ambamo Bhuj imo, tangu hujazaliwa, na bibi yangu mzaa baba alitoka Mandvi, mji wa bandari wa huko, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa kirefu. Kila utakapofika katika wilaya hiyo, uliza kwanza maji yanatoka wapi na nani anayatunza. Ukishajua hilo, utawajua na wenyewe.

Kachchh ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Rwanda nzima inaingia humo na nafasi ikabaki. Watu, kwa sensa ya 2011, walikuwa milioni 2 na kidogo tu. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni Rann, tambarare la chumvi linalopakana na Pakistan. Msimu wa mvua, Juni hadi Septemba, maji ya bahari na ya mito hulifunika, na Kachchh ikabaki karibu kisiwa. Mvua zikikatika jua huyanywa maji yote, chumvi ikabaki juu nyeupe mpaka upeo wa macho.

Sasa nenda kaskazini, kabla hujaifikia chumvi yenyewe, ufike Banni. Hiyo ni nchi ya malisho, na wenyewe ni Wamaldhari, wafugaji, wengi wao Waislamu ambao wazee wao walitoka Sindh, ng'ambo ya pili ya Rann, sasa Pakistan. Waombe wakuoneshe virda. Wao hutafuta bonde ambalo maji ya mvua hutuama, wakachimba visima vifupi chini yake. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yakizama ardhini hukaa juu na ya chumvi yakabaki chini. Kisima hakichimbwi kirefu, wala hakichotwi kupita kiasi. Siku ladha ikianza kugeuka, wanakiacha na kufungua kingine pembeni. Kuta huzuiwa kwa magogo na majani ili mchanga usiporomoke. Nilipewa kikombe cha maji hayo, matamu, na hatua chache tu kutoka hapo ardhi ilikuwa nyeupe kwa chumvi. Ni elimu kubwa, na hakuna aliyeiandika ukutani. Baba humwonesha mwana.

Nyati wao pia utawashangaa. Jioni hutoka kwenda malishoni, hula usiku kucha kukiwa na ubaridi, na alfajiri hurudi wenyewe kukamuliwa. Na hiyo miiba unayoilalamikia ni mathenge, mti ule ule unaowatesa wenzetu wa Baringo na Tana River. Huko serikali iliupanda Banni miaka ya 1960 ili kuizuia chumvi isisonge mbele, nao ukayameza malisho. Wafugaji wa Kachchh na wa Kenya wangekaa kitako pamoja wangekuwa na mengi ya kuambiana.

Utaona pia nyumba zao za duara, bhunga, kuta za udongo zilizopambwa kwa vipande vya vioo na paa la nyasi lililochongoka. Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 tetemeko liliuangusha mji wa Bhuj. Maelfu kwa maelfu walikufa, na miji ya Bhachau na Anjar pia ililala chini. Bhunga nyingi zilisimama. Ukuta wa duara hauna pembe ya kupasukia, na paa lake ni jepesi. Usipite Bhuj bila kuwaombea marehemu. Karibu kila mtu mzima utakayekutana naye hapo ana aliyempoteza.

Dholavira uende siku nzima, usiende mbio. Ni magofu ya mji wa Waharappa, watu wa ustaarabu wa kale wa bonde la Indus, wenye umri wa karibu miaka 5,000, juu ya kisiwa cha Khadir katikati ya Rann, na UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Watu husimulia ule ubao wa langoni wenye alama 10 kubwa ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma mpaka leo. Mimi kilichonishika ni mabirika ya kuhifadhia maji. Kulikuwa na vijito viwili vya msimu, Mansar na Manhar. Wakavizuia kwa mabwawa na kuyaelekeza maji kwenye mabirika makubwa yaliyouzunguka mji, mengine yamechongwa ndani ya mwamba, na ngazi za kushukia. Shuka ngazi zile ukahesabu mwenyewe.

Lakhpat, mbali magharibi, ni kinyume chake. Ulikuwa mji wa bandari wenye mali, tawi la mto Indus likipita jirani. Mwaka 1819 tetemeko likainua ardhi kaskazini yake, tuta refu ambalo watu waliliita Allah Bund, ukuta wa Mungu. Mto ukapotea na biashara ikafuata. Ukuta wa ngome wa kilomita 7 hivi bado umesimama, na ndani yake zimebaki familia chache. Huko ndiko alikozaliwa Tharia Topan, tajiri wa Unguja, ambaye lile jumba la zahanati ya zamani pale mbele ya bandari lilianzishwa naye mwaka 1887. Na Allidina Visram, ambaye shule yenye jina lake ulikuwa ukiipita kila siku hapa Mombasa, alitoka kijiji cha Kera, kusini kidogo ya Bhuj.

Walikuja kwa majahazi, kaskazi ikiwaleta na kusi ikiwarudisha. Fika Mandvi ukaone mafundi wanavyounda vyombo vya mbao hadi leo ukingoni mwa mto Rukmavati. Ila usisimuliwe nguo na pembe za ndovu tu. Fedha za matajiri wa Kachchh ziliingia katika misafara ya watumwa, na watumwa wenyewe walivushwa bahari. Wasidi utakaowakuta huko ni wazao wa Waafrika, na wengi walifika kwa njia hiyo. Wasalimie kwa heshima, kaa nao, sikiliza ngoma zao. Sisi tuna damu ya pande zote mbili za habari hii na sitaki uijue nusu.

Mwisho, vitambaa, maana hapo ndipo mkate wetu ulipotoka. Khatri, jamii ya wachapaji na watia rangi, wa kijiji cha Dhamadka walichapa vitambaa viitwavyo ajrakh kwa vizazi. Kitambaa hufuliwa, huchapwa kwa mihuri ya mbao, huchovywa kwenye nili, hufuliwa tena, wiki na wiki. Rangi nyeusi hutoka kwenye vyuma chakavu vilivyochachushwa kwa sukari guru. Harufu yake utaisikia tangu mlangoni. Baada ya tetemeko maji ya Dhamadka yalizidi madini ya chuma na rangi zikaharibika. Wengi wakahama, wakajenga kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur. Nenda ukanishikie kitambaa kimoja chenye nili iliyokolea, ukitazame nyuma na mbele; kikiwa sawa pande zote mbili, nunua.

Ukipata wasaa pita kijiji cha Dhrang, kwenye kaburi la mtawa Mekan Dada. Wanasimulia kwamba karne tatu zilizopita alizunguka Rann na punda wake Laliyo na mbwa wake Motiyo, akiwapelekea maji waliopotea, bila kuuliza dini ya mtu.

Kwenda Rann nyeupe unahitaji kibali kwa sababu ya mpaka, kwa hiyo chukua pasipoti. Beba maji yako mwenyewe, na sweta, maana Desemba usiku kuna baridi kali. Mama yako anauliza kama blanketi linatosha. Mjibu yeye, si mimi.

Baba yako,
Mombasa