Msifute fremu za katuni baada ya kupata MP4

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na watengeneza katuni wenzangu, hasa chipukizi. Faili la kumpelekea mtazamaji si faili la kutunza. Wengi wakishapata MP4 nyepesi hufuta fremu zote, yaani picha moja moja zinazounda katuni, ili diski ipumue, na siku wakitakiwa kutoa nakala nyingine wanaibana, yaani wanaipunguza uzito, ile ile iliyokwisha kubanwa. Kila mzunguko unakula rangi, na iliyoliwa hairudi.

Katuni haibanwi kama picha za kamera. Picha za kamera zina chenga za asili zinazoficha kasoro; katuni ina rangi iliyotulia na mistari mikali, kwa hiyo kosa dogo linaonekana wazi. Chukua anga la machweo linalofifia taratibu kutoka bluu nzito hadi rangi ya chungwa. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Zitandaze kwenye skrini yenye kimo cha pikseli 1,080, kisha kodeki (mfumo unaobana video) ifute tofauti ndogo ndogo, na anga lako litakatika michirizi. Nyunyizia anga chenga hafifu kabla ya kutoa video, na nakala kuu iwe ya biti 10, yenye ngazi 1,024. Ila ukibana kupita kiasi, chenga hizo ndizo zitakazofutwa kwanza na michirizi itarudi.

Mistari nayo ina adui wake. Video nyingi za kawaida huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa mara moja tu kwa kila pikseli nne. Ndiyo maana mstari mwembamba mwekundu juu ya bluu hutoka umechakaa, hata ukiongeza ukubwa wa faili. Unenepeshe, au uzitofautishe rangi hizo kwa mwangaza.

Toeni kwanza fremu moja moja za PNG (aina ya faili la picha isiyopoteza ubora), katika folda yake. Umeme ukikatika baada ya fremu ya 900, unaendelea na ya 901. MP4 iliyokatika njiani mara nyingi haifunguki kabisa, kwa kuwa faharasa yake, inayoonyesha kila fremu iko wapi ndani ya faili, kwa kawaida huandikwa mwishoni. PNG pia hubeba uwazi wa mandhari, na kodeki ya ProRes 4444 vilevile, lakini H.264 ya kawaida, kodeki iliyozoeleka ndani ya MP4, haibebi, ndiyo maana mhusika uliyemtoa bila mandhari anarudi amezungukwa na weusi.

Wanaounganisha fremu kwa FFmpeg (programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika) waangalie hapa: usipoiambia kasi, inasoma picha kwa fremu 25 kwa sekunde. Kazi ya fremu 24 itakwenda mbio, na kwa kila dakika sauti itaachwa nyuma kwa sekunde 2.4. Andika -framerate 24 kabla ya jina la faili linaloingia. Kwa H.264 weka CRF kati ya 16 na 18 (kipimo hiki cha ubora ni 0 hadi 51, namba ndogo ndiyo bora, na usipogusa inakaa 23), -tune animation (marekebisho ya katuni), na -pix_fmt yuv420p (ule mpangilio wa rangi moja kwa pikseli nne). Ukisahau hiyo ya mwisho, PNG zinaweza kutoa video ambayo simu nyingi hazichezi.

Msiigeuze kazi ya fremu 24 kuwa 30 kwa kudhani italainika. Programu kwa kawaida itarudia fremu moja kwa kila nne, na kamera inayopita taratibu juu ya mandhari itaanza kukwamakwama.

Kwa YouTube, pendekezo lao kwa 1080p ya fremu 24 hadi 30 ni megabiti 8 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 60 kwa dakika. Kuzidisha hakudhuru, kwani wao watabana tena. Kwenye WhatsApp, tumeni kama hati, si kama video, ili isibanwe tena.

Ombi langu la mwisho ni kwa waandaaji wa mashindano. Tangazo linalosema tu "leta MP4" halimsaidii mshiriki. MP4 ni chombo tu cha kubebea video. Ndani yake inaweza kuwemo H.264, H.265 au AV1, na kompyuta ya zamani ya ukumbini inaweza kushindwa kucheza hizo mbili za mwisho. Tajeni kodeki, ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na aina ya sauti pamoja na kiwango cha sampuli zake, kwa mfano AAC ya kilohezi 48.

Mtengeneza katuni