Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kusomea umaskini

Mdogo wangu, habari za huko. Hapa Tanga sisi wazima.

Nimesikia nyumbani kumewaka moto, mama mdogo analalamika ati mtoto anaacha mambo ya benki anataka kusomea uchumi wa umaskini, kwani umaskini nao unasomewa, si aje Ngamiani akae barazani auone bure! Nimecheka mpaka basi. Ila swali lake si la kijinga, maana kuuona ni rahisi, kazi ni kuupima.

We unajua mi nilizunguka na madodoso ya kaya, yale makaratasi ya maswali ya utafiti nyumba kwa nyumba. Sasa kaa na mama muuza dagaa pale Deep Sea umuulize, mama, kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi? Atakutazama tu. Kukiwa giza taa zinavuta dagaa, hela ipo, mbalamwezi ikitoka dagaa hawaji taani, anakula alichokopa dukani, alafu mtaji wa biashara na hela ya unga vyote vimefungwa kwenye pindo moja la kanga. Ndo maana wanauchumi wengi kwa nchi kama zetu wanaachana na kipato wanauliza matumizi, umekula nini, umenunua nini. Hapo nako kuna balaa lake, fungu la mchicha la sokoni si fungu la kwa jirani, na mafuta ya kupima kila duka lina kikopo chake.

Na usidhani ni mambo madogo. Kuna watafiti mwaka 2007 na 2008 walizipitia kaya 4,000 hapahapa Tanzania wakiuliza matumizi kwa namna nane tofauti, na majibu yakatofautiana vibaya, yaani idadi ya maskini inapanda au kushuka kwa jinsi ulivyouliza tu. Angus Deaton, yule Mskoti aliyepata Nobel ya uchumi 2015, sehemu kubwa ya kazi yake ni hiyohiyo. India walipobadilisha maswali kwenye utafiti wao wa 1999-2000 umaskini ukaonekana umeshuka sana, yeye akakaa kuchambua ni kiasi gani kimeshuka kweli na kiasi gani ni dodoso.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mwaka 2017/18 Watanzania asilimia 26.4 walikuwa chini ya mstari wa umaskini, shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, jua nyuma yake kuna mdadisi, yule anayepita na dodoso kuuliza watu, kakaa mkekani anabishana na mtu kuhusu kikopo cha mafuta. Mi nazungumzia hao wadadisi kuliko maprofesa kwa sababu nawajua, sawa, nina upendeleo.

Nenda kasome. Takwimu usizikimbie, na likizo tafuta kibarua cha udadisi hata kama posho ndogo. Mama mdogo niachie mimi nitaongea nae, we shughulikia mkopo wa chuo wa bodi ya mikopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, usingoje dirisha la maombi likaribie kufungwa ndo uanze kunipigia simu.